Umiliki wa Kigeni na Sauti ya Mwananchi: Tathmini ya Kihistoria ya Hoja ya Kupiga Marufuku Mitandao ya Kijamii, kwa Kurejelea Kilakala na Morogoro

Ikisiri

Makala hii inachunguza iwapo serikali zina sababu ya msingi ya kupiga marufuku mitandao ya kijamii inayomilikiwa na kampuni za kigeni. Uchunguzi unaanzia Kilakala, kata ya Manispaa ya Morogoro iliyo chini ya milima ya Uluguru, ambako shule iliyomilikiwa na shirika la kigeni ilitwaliwa na Serikali baada ya Azimio la Arusha bila milango yake kufungwa. Tukio hilo linalinganishwa na utaifishaji wa gazeti la The Standard mwaka 1970, historia ya redio na santuri zilizovuka mipaka, na hatua zilizochukuliwa dhidi ya mitandao ya kijamii nchini Tanzania, Uganda na Kenya kati ya mwaka 2018 na 2025. Hoja ya msingi ni kwamba hofu kuhusu umiliki wa kigeni ina mizizi halali katika historia ya Tanzania, lakini marufuku ya mtandao haimgusi mmiliki, humgusa mtumiaji. Kwa sababu hiyo makala inapendekeza serikali zimfuate mmiliki kwa njia ya kodi, sheria ya taarifa binafsi na mahakama, na kuacha kumnyima mwananchi chombo cha kusemea.

1.0 Utangulizi

Mnamo tarehe 20 Mei 2025 akaunti rasmi ya Jeshi la Polisi Tanzania katika mtandao wa X iliingiliwa na wadukuzi, ambao waliitumia kusambaza habari za uongo. Muda mfupi baadaye mtandao huo haukupatikana tena kwa watumiaji walio nchini, isipokuwa wale waliotumia huduma za VPN. Wiki chache baadaye Serikali ilieleza kwamba X inaruhusu picha za ngono, jambo ambalo ni kinyume cha sheria na maadili ya nchi. Miezi mitano baadaye, wakati wa Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025, X ilikuwa bado imefungwa.

Tanzania haikuwa peke yake. China iliizuia Facebook mwaka 2009. India ilipiga marufuku programu 59 za Kichina, TikTok ikiwamo, tarehe 29 Juni 2020 baada ya mapigano ya mpakani. Nigeria iliifunga Twitter kuanzia Juni 2021 hadi Januari 2022. Uganda iliifunga Facebook Januari 2021. Marekani, nchi ambayo kampuni zake ndizo zinazomiliki sehemu kubwa ya mitandao hii, ilitunga sheria Aprili 2024 iliyoitaka kampuni ya ByteDance iiuze TikTok au programu hiyo ifungiwe, na Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliithibitisha sheria hiyo Januari 2025. Hivyo, hoja ya kwamba chombo cha mawasiliano cha taifa hakipaswi kuwa mikononi mwa wageni imepata watetezi Beijing, New Delhi, Kampala na Washington kwa wakati mmoja.

Swali linaloulizwa katika makala hii ni la kihistoria kabla ya kuwa la kisheria. Taifa hili lilifanya nini zamani lilipoona kwamba chombo muhimu cha jamii kinamilikiwa na mgeni? Na je, marufuku za leo ni mwendelezo wa hatua hizo, au ni jambo jingine lililovishwa vazi la zamani? Kilakala imechaguliwa kwa sababu historia yake, pamoja na ile ya mji wa Morogoro unaoizunguka, inayagusa maswali yote mawili katika eneo dogo linaloweza kuchunguzwa kwa karibu.

2.0 Kilakala: Kubadili Mmiliki bila Kufunga Mlango

Kabla ya uhuru, Masista wa Maryknoll, shirika la Kikatoliki lenye asili ya Marekani, waliendesha Kilakala shule ya sekondari ya wasichana iliyojulikana kama Marian College. Wakati huo nafasi za sekondari kwa msichana wa Kiafrika zilikuwa chache mno, na wasichana walitoka mikoa ya mbali kuja kusoma Morogoro. Miongoni mwao alikuwa Gertrude Mongella kutoka Ukerewe, ambaye baadaye alikuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Wanawake wa Beijing mwaka 1995 na Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika mwaka 2004.

Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 na andiko la Elimu ya Kujitegemea la Machi mwaka huohuo, shule za namna hii zilianza kutazamwa kwa jicho jipya. Suala lililojitokeza halikuwa ubora wa masomo. Lilikuwa ni nani anayeamua mtoto wa Kitanzania afundishwe nini, kwa lengo gani, na nani apate nafasi. Shule iliyomilikiwa na dhehebu au shirika la nje, hata ikiwa na walimu hodari, ilikuwa na mwenye kauli ambaye hakuwajibika kwa wananchi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilijibu swali hilo kwa kuziweka shule zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya Serikali. Marian College ikawa Shule ya Sekondari Kilakala, na mpaka leo ni miongoni mwa shule za Serikali zinazochukua wasichana wenye vipaji maalumu.

Jambo la kuzingatia hapa ni namna badiliko hilo lilivyofanyika. Serikali haikufunga shule ili kumwadhibu mmiliki. Madarasa yalibaki, mabweni yalibaki, na wasichana waliendelea kupanda kilima cha Kilakala kwenda kusoma. Aliyebadilika ni mwenye kauli. Hofu ya umiliki wa kigeni ilitibiwa kwa kushughulikia umiliki wenyewe.

Mwenendo huohuo ulionekana katika magazeti. The Standard la Dar es Salaam, lililoanza mwaka 1930 kama Tanganyika Standard kwa mtaji wa kampuni ya Nairobi, lilikuwa mikononi mwa kampuni ya Lonrho ya Uingereza lilipotaifishwa tarehe 5 Februari 1970. Halikusimamishwa kuchapishwa. Mwalimu Julius Nyerere alimkabidhi uhariri Frene Ginwala, mpigania uhuru wa Afrika Kusini, na akatoa mwongozo uliolipa gazeti nafasi ya kuijadili na kuikosoa Serikali ndani ya misingi ya ujamaa. Mwaka 1972 liliunganishwa na The Nationalist, gazeti la TANU, na kuzaliwa Daily News.

Hata hivyo, historia ya The Standard ina upande wa pili ambao wanaotetea umiliki wa ndani hawapaswi kuupuuza. Mwaka 1971 Ginwala aliondolewa baada ya gazeti kuchapisha tahariri iliyoikosoa vikali serikali ya Sudani, iliyokuwa rafiki wa Tanzania. Gazeti lilikuwa tayari ni mali ya taifa, lakini mipaka ya kusema iliendelea kuwapo, na mwenye kuichora alikuwa karibu zaidi kuliko bodi ya wakurugenzi ya London. Kutoka hapo yanapatikana mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa katika mjadala huu wote: suala la nani anamiliki chombo, na suala la nani anaruhusiwa kusema kupitia chombo hicho. Kulitatua la kwanza hakulitatui la pili.

3.0 Sauti Zilizovuka Mipaka

Kabla ya intaneti, chombo cha kigeni kilichomfikia mwananchi bila kupita ofisi ya forodha kilikuwa redio. Mwaka 1954 Redio Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili yaliyoushambulia ukoloni waziwazi, nayo yalisikilizwa katika pwani na miji ya Afrika Mashariki. Watawala wa Kiingereza waliyachukia, lakini mawimbi ya redio hayakuomba kibali cha kuingia nchini. Katika mazingira hayo ya ushindani wa kuwania masikio ya Waswahili, BBC nayo ilianza kutangaza kwa Kiswahili tarehe 27 Juni 1957. Kwa mtazamo wa serikali ya kikoloni, Cairo ilikuwa chombo cha kigeni cha uchochezi. Kwa mtazamo wa msikilizaji aliyetamani uhuru, ilikuwa ni sauti iliyosema lililokatazwa nyumbani. Umiliki wa kigeni uliweza kuwa tishio na kuwa msaada kwa wakati mmoja, kutegemea aliyekuwa akisikiliza.

Morogoro inaonyesha upande mwingine wa jambo hilohilo, kwani baada ya uhuru Tanzania yenyewe ikawa ndiyo mgeni anayetangaza. Chama cha African National Congress, kilichopigwa marufuku Afrika Kusini mwaka 1960, kiliweka ofisi zake Morogoro, na kati ya tarehe 25 Aprili na 1 Mei 1969 kilifanya hapo mkutano wa mashauriano ulioamua mwelekeo wa mapambano yake. Miaka iliyofuata kilipewa ardhi Mazimbu, ambako kilijenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, na majengo yake leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Katika kipindi hicho Redio Tanzania ilitoa muda wa hewani kwa vyama vya ukombozi, na kituo cha ANC cha Radio Freedom kilisikika hadi Afrika Kusini, ambako kukisikiliza kulikuwa kosa la jinai.

Serikali ya makaburu ilikuwa na hoja iliyo karibu sana na ile inayosikika leo: chombo kinachomilikiwa nje ya nchi, kisicho na leseni ya ndani, kinachochea vurugu na kuhatarisha usalama wa taifa. Kwa maneno matupu hoja hiyo haikuwa na kasoro. Radio Freedom ilikuwa ya nje kweli, haikuwa na leseni kweli, na iliwaita watu kwenye mapambano kweli. Kasoro ilikuwa katika jambo ambalo sheria haikulitaja, yaani kwamba walio wengi hawakuwa na chombo kingine cha kusemea. Taifa lililowapa wengine kipaza sauti kwa sababu hiyo lina wajibu wa kuipima hoja ya usalama kwa uangalifu zaidi linapoitumia lenyewe.

Mfano wa tatu ni wa muziki. Morogoro ya miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa mji wa dansi, na Salum Abdallah wa Cuban Marimba na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, na baadaye Super Volcano, ni majina ambayo hayahitaji utambulisho. Redio Tanzania iliwarekodi wanamuziki kwa ajili ya matangazo, lakini aliyetaka santuri yake iuzwe madukani alitazama Kenya. Nyimbo za Mwinshehe zilienea Afrika Mashariki kwa santuri zilizotolewa Nairobi na Polygram, kampuni ya Ulaya. Kampuni ilikuwa ya kigeni. Sauti, lugha na mambo yaliyoimbwa yalikuwa ya hapa. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977 kufuatia kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, soko hilo la santuri liliingia katika matatizo, na aliyeumia zaidi hakuwa mwenye kampuni.

4.0 Kutoka Gazeti hadi Mtandao: Sheria na Shabaha Yake

Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, iliyorithi mengi kutoka sheria za kikoloni, ilimpa waziri uwezo wa kulifungia gazeti kwa maslahi ya umma. Ilitumika dhidi ya magazeti ya ndani, na mwaka 2015 gazeti la The EastAfrican la Nairobi lilizuiwa kusambazwa nchini. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilichukua nafasi yake. Kwa upande wa mtandao, Sheria ya Makosa ya Mtandao ilitungwa mwaka 2015, na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilileta utaratibu wa leseni. Kwa kanuni za 2018, mwendeshaji wa blogu alitakiwa kulipa jumla ya takriban shilingi milioni 2 kwa ada ya maombi, ya leseni ya awali na ya mwaka.

Aliyelipa ada hizo alikuwa Mtanzania. Facebook, Twitter na YouTube hazikuhitaji kuja kwenye ofisi za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kuomba leseni ya blogu. Juni 2018, Jamii Forums, jukwaa lililoanzishwa na Watanzania mwaka 2006 na lililokuwa na mijadala mingi ya kisiasa kwa Kiswahili, lilisitisha huduma zake kwa muda kufuatia kanuni hizo. Kabla ya hapo, Desemba 2016, mwasisi mwenza wake Maxence Melo alikuwa amekamatwa na kushtakiwa, na sehemu ya mashtaka ilihusu kutowapa polisi taarifa za watumiaji. Tarehe 6 Septemba 2025 TCRA iliisimamishia Jamii Forums leseni kwa siku 90 kwa madai ya kuchapisha maudhui yanayopotosha umma na kumdhalilisha Rais.

Mfululizo huu ni ushahidi muhimu. Ikiwa tatizo la X mwezi Mei 2025 lilikuwa umiliki wake wa kigeni, basi Jamii Forums, jukwaa la Kitanzania lenye leseni, uongozi na anwani nchini, lingepaswa kuwa jibu lake. Lakini lilifungiwa mwaka huohuo. Chini ya miezi miwili baadaye, katika siku za uchaguzi na maandamano yaliyoambatana nao, intaneti nzima ilizimwa kwa siku kadhaa, bila kuchagua programu ya mgeni wala ya mwenyeji. Mwaka 2020 vilevile, katika siku za Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 28, Twitter na mitandao mingine ilikuwa imewekewa vizuizi. Tarehe za hatua hizi zinafuata kalenda ya siasa kuliko zinavyofuata daftari la wanahisa.

Ulinganisho na Kilakala ya mwaka 1969 unafafanua tofauti iliyopo. Mali ya mmiliki wa kigeni wakati huo ilikuwa hapohapo Kilakala: majengo, ardhi, vitabu. Dola ilipotaka kumgusa mmiliki, iliweza. Mali ya mmiliki wa X au TikTok haiko Kilakala. Seva, hisa na wahandisi wake wako katika nchi ambazo amri ya TCRA haifiki. Kilichopo Kilakala ni simu ya mwanafunzi, ya mfanyabiashara, ya mzazi mwenye mtoto anayefanya kazi Muscat. Dola inapotaka kumwadhibu mmiliki kwa kumfungia, inayoguswa ni simu hiyo. Marekani inaweza kuitishia ByteDance mpaka iuze hisa, kwa kuwa soko la watumiaji takriban milioni 170 ni hasara kubwa kuikosa. Tanzania haina nguvu hiyo ya soko, na kwa hiyo marufuku yake haimlazimishi mmiliki kufanya lolote.

5.0 Uzoefu wa Majirani

Uganda imejaribu njia mbili. Kuanzia tarehe 1 Julai 2018 ilitoza shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Kodi hiyo ilielezwa kuwa njia ya kupata mapato na kupunguza umbea, lakini ililipwa na mtumiaji, haikulipwa na kampuni, na wengi waliikwepa kwa VPN. Ilifutwa mwaka 2021 na nafasi yake kuchukuliwa na ushuru wa asilimia 12 kwa data. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 14, Facebook ilifuta mtandao wa akaunti bandia ilizozihusisha na kituo kimoja cha Wizara ya Habari na Teknolojia. Rais Yoweri Museveni aliituhumu kampuni hiyo kwa upendeleo na kiburi, na Facebook ikafungwa.

Malalamiko ya Museveni hayapaswi kupuuzwa. Kampuni ya California kuamua nani asikike katika uchaguzi wa Uganda ni jambo linalogusa uhuru wa nchi, hata pale uamuzi wenyewe unapokuwa na sababu. Pamoja na hayo, miaka kadhaa ya kufungwa kwa Facebook haikuipa Uganda kauli yoyote juu ya sera za kampuni hiyo. Waganda wenye uwezo waliendelea kuitumia kwa VPN, na wasio na uwezo wakaikosa.

Kenya ilielekea kwingine. Agosti 2023 ombi la kupiga marufuku TikTok liliwasilishwa katika Bunge la Taifa, likitaja maadili ya vijana na usalama wa watoto. Baada ya mazungumzo na kampuni hiyo na uchunguzi wa kamati, pendekezo lililopatikana lilikuwa la kuidhibiti badala ya kuifunga. Muhimu zaidi kwa mjadala huu ni kilichotokea mahakamani. Wasimamizi wa maudhui waliofanya kazi Nairobi kwa niaba ya Meta, wakitazama picha za mauaji na ukatili siku nzima kwa ujira mdogo, walifungua kesi. Meta ilidai kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake kwa kuwa si kampuni ya Kenya. Mahakama ya ajira ilikataa hoja hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono msimamo huo mwaka 2024. Mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa uamuzi wa mwelekeo huohuo katika kesi inayohusu maudhui ya chuki wakati wa vita vya Ethiopia. Kesi hizi zimechukua muda mrefu na hazijamaliza matatizo yote, lakini zimefanya jambo ambalo marufuku ya Uganda haikulifanya: zimemwita mmiliki ajibu.

6.0 Hoja za Wanaounga Mkono Marufuku

Hoja tatu za wanaotaka marufuku zinastahili kujibiwa kwa haki.

Hoja ya kwanza ni ya usalama. Nchini Myanmar, Facebook ilitumika kueneza chuki dhidi ya Warohingya, na mwaka 2018 kampuni yenyewe ilikiri kwamba haikufanya vya kutosha kuizuia. Sehemu ya sababu ilikuwa uchache wa wasimamizi waliojua lugha ya nchi. Hatari hiyo ipo pia kwa lugha za Afrika Mashariki. Lakini historia ya ukanda huu ina ushahidi wa kinyume ulio mzito zaidi. Chombo cha habari kilichochangia maafa makubwa kuliko vyote katika eneo hili, RTLM ya Rwanda, kilianzishwa mwaka 1993 na Wanyarwanda, kwa mtaji wa Wanyarwanda. Waliohusika nacho walihukumiwa Arusha mwezi Desemba 2003, kwa maneno waliyoyatangaza na matokeo yake. Chuki haikuhitaji mmiliki wa kigeni.

Hoja ya pili ni ya uchumi na taarifa binafsi. Kampuni za nje huchuma kwa matangazo na taarifa za Watanzania huku zikilipa kidogo. Hoja hii ni ya kweli, na tayari ina tiba isiyokuwa marufuku. Kuanzia Julai 2022 Tanzania inatoza kodi ya huduma za kidijitali ya asilimia 2 kwa watoa huduma wasio wakazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeunda Tume yenye mamlaka ya kusimamia namna taarifa za watu zinavyokusanywa na kusafirishwa nje. Kampuni iliyofungiwa hailipi kodi hiyo wala haina sababu ya kuitii Tume.

Hoja ya tatu ni ya maadili, nayo ndiyo iliyotumika dhidi ya X. Hoja hii ina historia ndefu: Januari 1969 Operesheni Vijana ilipiga vita sketi fupi jijini Dar es Salaam, na Novemba mwaka huohuo muziki wa soul ulipigwa marufuku katika mkoa huo. Hofu ya wazazi kuhusu wanayoyaona watoto mtandaoni si ya kubeza, na sheria inaweza kuitaka kampuni iweke vizuizi vya umri na kuondoa picha zinazowadhuru watoto. Lakini picha hizo hazipatikani X peke yake. Mtandao unapofungwa wote kwa sababu ya sehemu yake chafu, mijadala ya bajeti, taarifa za mvua na malalamiko ya wananchi kwa mamlaka za maji na umeme hufungwa pamoja nayo. Isitoshe, taasisi za umma zilikuwa zikitumia mtandao huohuo kuwafikia wananchi, na tangu Oktoba 2023 TCRA iliwataka wanaotumia VPN wajisajili, hali inayomweka mwananchi anayetafuta taarifa hizo katika hatari ya kuvunja sheria.

7.0 Hitimisho

Historia iliyochunguzwa haiungi mkono dai kwamba umiliki wa kigeni ni jambo dogo. Kizazi kilichoitwaa Marian College na The Standard kilielewa kwamba anayemiliki chombo cha elimu au habari ana kauli juu ya fikra za watu, na kwamba kauli hiyo haipaswi kuachwa bila uwajibikaji. Mitandao ya kijamii ina kauli kubwa zaidi ya hiyo, na serikali za Afrika Mashariki zina haki ya kuidai kodi, kuitaka iweke wawakilishi wanaoweza kushtakiwa nchini, iajiri wasimamizi wanaokijua Kiswahili, iwalipe kwa haki, na iondoe maudhui yaliyothibitishwa kuwa ya jinai kwa amri ya mahakama inayoweza kukatiwa rufaa.

Hata hivyo, kabla ya kuikubali hatua yoyote dhidi ya mtandao wa kigeni inafaa kuuliza ni nani atakayeubeba uzito wake. Kodi ya mwaka 2022 inambana mmiliki. Kesi za Nairobi zinambana mmiliki. Marufuku ya Uganda ya 2021 na ya Tanzania ya 2025 zimembana mtumiaji. Aidha, hatua ya kulinda umiliki wa ndani ingetarajiwa kuwalinda wamiliki wa ndani kwanza. Nchi inayomtoza mwenye blogu ya Kiswahili mamilioni ya shilingi na kulisimamishia leseni jukwaa lake kubwa haiwezi kusema kwamba inawafunga wageni ili wenyeji wapate nafasi.

Mwaka 1969 Serikali ilipoona kwamba shule ya Kilakala iko mikononi mwa mgeni, iliichukua na kuiendesha, na wasichana wakaendelea kusoma. Serikali zinazotaka kujitetea kwa historia hiyo zinapaswa kwanza kuonyesha kwamba wananchi wao, baada ya marufuku, wamebaki na mahali pa kusemea.